SIKU YA MASHUJAA NI YETU SISI WAFANYA KAZI

Ndugu Wafanya Kazi,

Tarehe 20 Oktoba inakaribia tena. Wakubwa watapanda jukwaani, askari watapiga gwaride, nasi tutasimama juani au tutalala nyumbani. Wengine wetu watakuwa kazini kana kwamba hakuna sikukuu. Mwaka jana nilimwuliza kijana mmoja katika laini za shamba upande wa Njoro, "Je, leo tunamkumbuka nani?" Akajibu, "Mzee, mimi najua tu kwamba leo ofisi imefungwa." Sikumcheka. Kosa ni letu sisi wazee tusiomwambia.

Basi na tuambiane. Siku hiyo mwaka 1952 Serikali ya wakoloni ilitangaza hali ya hatari, ikaanza kuwakamata viongozi. Sita kati yao walishtakiwa Kapenguria. Wawili katika hao sita, Bwana Fred Kubai na Bwana Achieng Oneko, walichaguliwa Wabunge wa hapa kwetu mwaka 1963: Kubai Nakuru Mashariki, Oneko Nakuru Mjini.

Kubai alikuwa mtu wetu kabisa. Alifanya kazi Posta kabla ya kuongoza chama cha wafanya kazi wa uchukuzi. Mei 1, 1949, yeye na Bwana Makhan Singh walianzisha muungano wa vyama vya wafanya kazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa Rais na Makhan Singh Katibu. Serikali ilikataa kuuandikisha. Mei 15, 1950, wote wawili wakakamatwa, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Kabla yao, Bwana Chege Kibachia, kiongozi wa wafanya kazi wa Mombasa wakati wa mgomo wa 1947, alikamatwa akahamishiwa Kabarnet, hapa jirani, akakaa huko miaka kumi. Leo katibu wa tawi akiingia katika ofisi ya tajiri na kuketi kitini, ajue kiti hicho kilinunuliwa.

Watazameni watu hao: Mkikuyu, Mhindi, Mjaluo. Hawakuulizana kabila. Lakini sisi tulifanya nini? Mwezi wa Januari 2008, katika mji huu wa Nakuru na kule Naivasha, watu waliopokea mshahara katika dirisha moja walifukuzana kwa mapanga. Nyumba zilichomwa na watu ndani. Hakuna tajiri aliyekimbia na godoro kichwani. Ndiyo sababu nasema sikukuu hii si mchezo. Watu wasiokumbuka pamoja hugawanywa upesi.

Huko Marekani wanayo siku ya Dk. Martin Luther King. Aliuawa Memphis Aprili 4, 1968, alikokwenda kuwasaidia wazoa taka waliogoma. Vyama vya wafanya kazi vilikuwa miongoni mwa waliodai siku hiyo. Sheria ilitiwa saini mwaka 1983, sikukuu ikaanza Januari 1986, na mwaka 1994 ikaamriwa iwe siku ya kutumikia jirani. Watu hupaka shule rangi na kulisha wenye njaa. Hilo twaweza kulifanya bila kungoja mtu wa Nairobi.

Kwa hiyo naomba kila tawi lifanye mambo manne:

1. Chakula kiwe cha pamoja. Huyu alete unga, huyu githeri, huyu mursik. Watu wa laini zote wale mahali pamoja.

2. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya masetla, au watoto wao, wawaeleze vijana habari za kipande na mishahara ya zamani.

3. Asubuhi tufanye kazi ya mikono: tuezeke nyumba ya mjane wa mwenzetu, au tusafishe mfereji wa laini.

4. Katibu aandike majina ya waliokuwa kazini siku hiyo, ahakikishe wamelipwa malipo ya sikukuu kama sheria na mapatano yasemavyo. Kumsifu Kubai huku tukinyamazia haki hiyo ni unafiki.

Wengine watasema, "Mashujaa hao wenyewe waligombana." Kweli. Mwaka 1966 Oneko alihamia chama cha Kenya People's Union, na Kubai akabaki Serikalini. Mwaka 1969 Oneko aliwekwa kizuizini na Serikali ya Mzee Kenyatta, mfungwa mwenzake wa zamani, mpaka 1975. Hayo pia tuwaambie watoto. Tusiwafanye malaika. Wajue kwamba hata Serikali yetu wenyewe yaweza kumfunga mtu bila kosa, na kwamba chama cha wafanya kazi hakina budi kuwa macho siku zote.

Kubai alifariki mwaka 1996, Oneko mwaka 2007. Hawahitaji tena makofi yetu. Wanaotuhitaji ni yule kijana wa Njoro na wenzake. Mwaka huu, nikimwuliza tena, nataka anijibu kwa majina.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Nakuru.