Garissa isingoje Tana ifurike ndipo ikumbuke waokoaji

WAKAZI wa Garissa huihesabu miaka kwa maji. Wazee hutaja 1961, Mto Tana ulipofurika kupita kiasi Kenya ikijiandaa kwa uhuru. Vizazi vilivyofuata huanzia El Nino ya 1997, kisha 2006, 2018, 2023 na 2024.

Ajabu ni kwamba mji wenyewe umo katika nyanda kame. Maji yanayovamia mashamba na makazi ya kando ya mto hutoka mbali, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, yakapitia msururu wa mabwawa kuanzia Masinga, lililokamilika 1981, hadi Kiambere. Mabwawa hayo yanapojaa na kumwagika, siku kadhaa hupita kabla ya kishindo kufika Garissa. Haya, basi, si mafuriko ya kushtukiza. Mji hupewa notisi. Swali ni nani huzitumia siku hizo, na kwa vifaa gani.

Aghalabu mzigo huwaangukia wahudumu wa kujitolea wa Shirika la Msalaba Mwekundu, lililoundwa kwa sheria ya 1965, pamoja na wenye mashua wanaoujua mto. Aprili 2024, barabara kuu ya kuelekea Nairobi ilipofunikwa na maji karibu na Madogo, wasafiri walilazimika kuvuka kwa boti. Moja ilipinduka. Watu 23 waliokolewa, wengine walizama.

Wala kazi haiishi maji yakipungua. Mafuriko ya 1997 na 2006 yalifuatwa na homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu na mifugo. Kumwonya mfugaji asichinje mnyama mgonjwa ni uokoaji pia, ingawa hakuna kamera inayoufuata.

Serikali za kaunti za Garissa na Tana River zingeweza kuanza na jambo dogo: kuchora kwenye nguzo kimo cha maji ya kila mwaka wa mafuriko, ili anayenunua ploti kando ya mto akione kabla ya kulipa. Nao wanaojitolea waandikishwe, wakatiwe bima na kupewa jaketi za kuokolea maisha. Mvua za vuli huanza Oktoba. Mazoezi ya manahodha na hesabu ya boti vyafaa kufanywa Agosti na Septemba, Tana ikiwa ingali ndani ya kingo zake.