Kabla hujanunua kidude cha kupangia mambo yako

Jamani wadau, nipo. Nilipotea kwa sababu ya BTP, na nimerudi na donge rohoni.

Siku mbili kabla ya kukabidhi alama za Kidato cha Pili, simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Alama za wanafunzi 118 zilikuwa humo tu, na karatasi nilisharudisha. Nikapita madarasani kuziomba, zingine zilishafungia vitumbua! Wanafunzi 31 ikabidi warudie jaribio. Binti mmoja aliyeongoza mkondo wake kwa 78, safari hii akapata 54. Hakusema kitu. Aliniangalia tu.

Sasa tangu nirudi chuo, washkaji wananishauri ninunue tableti yenye GB nyingi. GB! Kwani alama za watoto zilipotea kwa kukosa nafasi?

Mjomba wangu ana Palm m100, toleo la mwaka 2000. Kumbukumbu MB 2, kioo hakina rangi, inatumia betri mbili za AAA. Unaandika kwa kijiti, na herufi A unaichora kama V iliyopinduliwa. Nilicheka sana. Ila akanieleza kwamba betri zikiisha ukachelewa kuweka nyingine, kila kitu kinafutika. Ndiyo maana ilikuwa na waya wa kuunganisha na kompyuta, unafanya HotSync, nakala inabaki kule. Watu wa enzi hizo walijua kabisa kifaa kitawasaliti, wakajipanga. Sisi tunaamini tu.

Na walichagua kwa kazi. Mtu wa kuangalia miadi na namba za simu alitosheka na Palm. Mwenye kuandika sana alitafuta kitu kama Psion Series 5 ya mwaka 1997, yenye kibodi kamili. Hata leo ni hivyo hivyo: kama andalio la somo unaliandikia kwenye kidude chako, tafuta kibodi. Kama unataka kukumbushwa kipindi tu, simu uliyonayo inatosha, acha kujitia madeni ya boom. Na ujiulize umeme wa huko utakakopangiwa ukoje.

Rumeti wangu anasema turudi kwenye daftari, basi. Nusu nakubaliana naye. Daftari halizimiki, lakini haliwezi kukuamsha saa kumi na moja alfajiri, na likilowa ni yale yale.

Mimi tableti sinunui. Simu nyingine ya bei nafuu imepewa kengele na ratiba. Alama zitaingia kwenye kaunta buku, na kila Ijumaa nazipiga picha najitumia kwenye barua pepe. Nimeshaanza na alama zangu mwenyewe za semista iliyopita, ambazo hata zikipotea sitalia sana, hehe.

Haya, naenda kupanga foleni ya wali maharage kabla haujaisha.