Reli inakuja, fundi wa Mutakura yumo kwenye hesabu ya nani?

Katika mtaa wa Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, kiwanda hakihitaji uzio wala bango langoni. Mashine moja ya kusaga mahindi na muhogo ni kiwanda. Kibanda cha kuchomelea milango na madirisha ya chuma ni kiwanda. Beringi ikiharibika, kazi husimama na wateja huhama. Mwenye mashine hamtafuti mtafiti, humtafuta fundi; na fundi akikosa kipuri hukichonga mwenyewe kutokana na chuma chakavu, au huagiza na kusubiri. Akifanikiwa, mashine huunguruma tena jioni ile ile, na hakuna anayeandika lililofanyika.

Kutoandikwa huko ndiko kunakozipofusha sera za ubunifu katika kanda hii. Sera ya Viwanda ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2012 hadi 2032 imejiwekea lengo la kufikisha mchango wa viwanda kwenye asilimia 25 ya pato la kanda. Umoja wa Afrika nao umezitaka nchi wanachama kutumia asilimia 1 ya pato lao katika utafiti. Ni malengo ya kuheshimiwa. Lakini moja linahesabu kinachozalishwa na jingine linahesabu fedha zinazotumika. Hakuna linalouliza mashine iliyonunuliwa mwaka juzi inafanya kazi siku ngapi kwa mwezi, wala nani huitengeneza inapokwama.

Kwingineko swali hilo ni la kale. Mwaka 1962 kampuni ya Uingereza ya Bristol Siddeley, ambayo baadaye ilimezwa na Rolls-Royce, ilianza kuwatoza wenye ndege kwa kila saa ambayo injini imeruka, na matengenezo yakawa jukumu la kampuni yenyewe. Injini mbovu ikawa hasara ya aliyeiunda. Wala si lazima kuvuka bahari kuliona jambo hilo. M-KOPA ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2011, ilijenga biashara ya umeme wa jua kwa malipo madogo madogo ya kila siku kupitia simu. Kwa mpango kama huo, taa isipowaka mteja hana sababu ya kuendelea kulipa, na muuzaji analijua hilo tangu siku ya kwanza. Bidhaa na huduma zimefungwa pamoja.

Mashine ya Mutakura huja bila ahadi ya namna hiyo. Muuzaji akishapokea fedha zake, hatari yote inabaki kwa mnunuzi, na mnunuzi huigawana na fundi wa jirani ambaye hajawahi kuona kitabu cha maelekezo cha mashine hiyo. Kitabu chenyewe, kikiwepo, huenda kimeandikwa kwa Kichina.

Fundi huyo hana mahali pake hata katika mikataba ya Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilifungua sekta saba za huduma: za biashara na taaluma, mawasiliano, usambazaji, elimu, fedha, utalii na uchukuzi. Ukarabati wa mitambo si sekta inayojitegemea katika orodha hiyo. Makubaliano ya kutambuana kitaaluma yamewafikia wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Mtu anayekereza chuma kwa miaka 20 hana karatasi ya kuonyesha mpakani. Mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia, ulioimarisha vyuo 16 vya ufundi, ulizihusu Ethiopia, Kenya na Tanzania. Burundi haikuwamo.

Kuna chombo kinachopaswa kuliona pengo hili, nacho ni Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki, EASTECO. Makao yake yako Kigali, na Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Ushirikiano wa utafiti unaotegemea barabara moja kubaki wazi ni dhaifu, na wanaougharimia kwanza si wanasiasa. Kwa bahati nzuri Ziwa Tanganyika halina lango la kufungwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo la Tanzania, SIDO, lililoundwa kwa sheria mwaka 1973, lina ofisi Kigoma. Kutoka Kigoma hadi bandari ya Bujumbura ni safari ya meli. Mafundi wa pande mbili za ziwa wangeweza kubadilishana michoro ya vipuri na miezi michache ya kazi bila kusubiri kikao cha mawaziri.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni na mafuta haina nafasi ya kufadhili utafiti wa beringi. Hoja hiyo inageuka yenyewe. Dizeli inapokosekana, ndipo inapofaa kujua ni mashine ngapi za kusaga zingeweza kuhamia kwenye umeme, kwa gharama gani, na nani angezifunga. Bwawa la Rusumo, lenye uwezo wa megawati 80, linagawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Umeme huo hauwezi kuendesha injini ya dizeli. Lazima mtu abadilishe injini, na mtu huyo ni fundi. Kumhesabu, kumwuliza na kuandika anachokijua ni utafiti wa bei nafuu kuliko maabara yoyote.

Kutazama mbele hakukosekani kwenye makabrasha. Burundi ina dira ya kuwa nchi inayoinukia ifikapo 2040 na iliyoendelea ifikapo 2060, na Jumuiya ina Dira yake ya 2050. Kinachokosekana ni kushuka kutoka mwaka 2060 hadi mwaka ujao. Januari 2025 ulitiwa saini mkataba wa dola bilioni 2.15 wa kujenga reli ya kilomita 282 kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, kwenye nikeli ya Burundi. Mitambo mizito itakuja na ujenzi huo na mingine itaifuata. Gitega na Dodoma zinapaswa kusema sasa, kabla mitambo hiyo haijazeeka, ni vijana wangapi wa Burundi watafundishwa kuihudumia, katika chuo kipi, na kama vipuri vyake vitaruhusiwa kuchongwa Bujumbura au vitaagizwa milele kutoka ng'ambo.