Jina la Gari ni Mali ya Nani?

Katika mambo yanayobishaniwa na wapenzi wa magari, hapana lizaalo maneno mengi kwa faida ndogo kama majina. Mtu asiyeweza kubadili gurudumu atakaa saa nzima kueleza kwamba kiwanda fulani kilianguka kwa sababu kiliita gari lake vibaya, na kwamba kingine kitainuka kesho kikirudisha jina la zamani. Upande wa pili wako wale wajionao watu wa hesabu, ambao hujibu kwamba jina ni kipande cha bati kilichobandikwa nyuma ya gari. Kinachohukumu ni idadi ya magari yaliyouzwa, basi. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na nathubutu kusema kwamba wote wamepotea, ingawa hawakupotea kwa njia moja. Wa kwanza hudhani jina lina nguvu yake lenyewe, kama talasimu. Wa pili hudhani halina kitu ndani yake. Mimi nadai kwamba jina la gari ni chombo kitupu litokapo kiwandani, na wanaokijaza ni watu waliolinunua, walioharibikiwa nalo njiani usiku, na waliofika nalo salama. Kwa hiyo haki ya kiwanda juu ya jina hilo ni ndogo kuliko kidhanivyo.

Nianze na kisa kipendwacho na kundi la kwanza. Mwaka 1955 kampuni ya Ford ya Marekani ilikuwa ikitayarisha gari jipya, nayo ilitafuta jina. Yalikusanywa majina kwa maelfu. Mtu wa kampuni alimwandikia hata mshairi Marianne Moore kumwomba msaada, na mshairi yule, kwa ukarimu wa watu wa kazi yake, alipeleka majina ya ajabu. Mojawapo lilikuwa Utopian Turtletop, ambalo ningelifasiri Gamba la Kobe wa Nchi ya Ndoto. Walimpelekea maua, jina wakaliacha. (Nakiri kwamba ningependa kuliona gari lile barabarani.) Mwishowe wakubwa wa kampuni walichagua jina la Edsel Ford, mwana wa Henry Ford, aliyefariki mwaka 1943, ijapokuwa jamaa zake hawakulifurahia. Gari likatolewa Septemba 1957. Novemba 1959 likaachwa, baada ya kutengenezwa magari 118,000 hivi, hesabu iliyo ndogo mno kwa matumaini yaliyowekwa juu yake. Tangu hapo katika Kiingereza cha Marekani neno Edsel limekuwa na maana ya mradi ulioshindwa kwa aibu.

Kosa ni jina, husema wapenzi wetu. Laiti wangeliita jina tamu! Lakini tazama yaliyotokea. Gari lilitoka wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa ukianza kudorora. Bei yake ilisongwa katikati ya Ford na Mercury, magari ya kampuni ile ile, hata mnunuzi hakuelewa limewekewa nani. Mengi yalifika kwa wauzaji na kasoro za kiwandani. Uso wake ulichekwa mitaani. Na jambo lipitalo yote ni hili: majina manne yaliyopendwa zaidi katika kutafuta kule, yaani Citation, Corsair, Pacer na Ranger, hayakutupwa, yalipewa daraja nne za Edsel yenyewe. Majina matamu yalikuwa pale pale juu ya gari lile, wala hayakuliokoa. Ranger baadaye liliwekwa juu ya gari dogo la mizigo lililouzwa kwa wingi duniani, na Corsair tangu mwaka 2019 ni jina la gari la Lincoln. Basi jina halikuliua gari; gari ndilo lililoliua jina. Na jina lenyewe lilikuwa la mtu mwenye jicho la uzuri, ambaye ndiye aliyeanzisha Lincoln Continental ya kwanza. Kuna dhuluma kidogo katika jambo hilo, ambayo huwa haitajwi katika mabishano.

Kisa cha Nova ni cha ukoo huo huo, nacho hakistahili maneno mengi. Husemwa kwamba Chevrolet Nova halikununuliwa katika nchi zisemazo Kihispania kwa kuwa no va ni kusema haliendi. Kinachekesha, na ni cha uongo. Gari liliuzwa Mexico na Venezuela, na huko Mexico shirika la mafuta la serikali liliuza petroli kwa jina hilo hilo la Nova. Msemaji wa Kihispania husikia neno moja, kama vile Mswahili asikiapo barabara asivyofikiri habari za bara mbili. Wanafunzi wa lugha wanaokirudia kisa hiki katika mihadhara wangefaa kuona haya.

Sasa wako wasemao: ikiwa jina baya haliui, hata hivyo jina zuri la zamani huponya. Kwao nina jibu la Taurus. Gari hilo la Ford lilianza kuuzwa mwishoni mwa 1985, la umbo jipya ambalo Wamarekani hawakulizoea, nalo likapendwa. Mwaka 1992 yaliuzwa zaidi ya magari 400,000, na tangu mwaka huo mpaka 1996 halikuwapo gari dogo lililolishinda kwa mauzo Marekani. Kisha wenye kiwanda wakalisahau. Lilibadilishwa umbo vibaya mwaka 1996, halafu likaachwa lizeeke bila matunzo, likiuzwa kwa mafungu kwa makampuni ya kukodisha magari, hata raia mwenye fedha yake akaliona kuwa gari la kukodi uwanja wa ndege. Wakati ule Ford walikuwa wameshikwa na mtindo wa herufi: magari madogo yaanze na F, kama Focus na Fusion, na makubwa ya nchi kavu yaanze na E, kama Explorer na Escape. Mwaka 2004 wakatoa gari kubwa la familia wakaliita Five Hundred, na mwaka 2006 Taurus likazikwa, baada ya kuuzwa karibu milioni saba.

Mwaka huo huo aliletwa mkuu mpya, Alan Mulally, kutoka kiwanda cha ndege cha Boeing. Alishangaa kuona jina lijulikanalo na kila mtu limetupwa, na mwaka 2007 Five Hundred likabatizwa Taurus. Wapenzi walishangilia. Mimi naona alishangaa kwa haki, lakini dawa yake ilikuwa ya kuchelewa. Gari lile lile ambalo watu walikuwa wamelikataa kwa jina la F likawa mbele yao kwa jina la T, na hata lilipoundwa upya baadaye, mauzo ya mwaka mmoja Marekani hayakufika 100,000 tena. Machi 2019 likaachwa mara ya pili. Tangu mwaka 2020 jina hilo limeonekana katika nchi za Ghuba, limebandikwa juu ya gari litokalo China ambalo kwao ni Mondeo. Chombo kilichomwagwa hakijazwi kwa amri ya mkubwa.

Kwamba watumiaji ndio wajazao jina, sisi wasemaji wa Kiswahili tuna ushahidi usiohitaji kuagizwa ng'ambo. Bajaj ni jina la kampuni moja ya India. Kwetu bajaji ni kila chombo cha magurudumu matatu kichukuacho abiria, hata kikiwa kimeundwa na mshindani wake. Fuso lilikuwa jina la malori ya Mitsubishi. Siku hizi mwenye lori la kiwanda kingine huambiwa fuso lake limeziba njia. Land Cruiser la wakubwa huitwa shangingi Tanzania, na hakuna karani wa Toyota aliyeulizwa. Tangu miaka ya kwanza ya uhuru, jina la Mercedes-Benz limetupa kabila zima, Wabenzi, ambalo halina mtaa wake wala mzee wa ukoo. Kiwanda kilileta sauti. Maana imetolewa hapa.

Na hapa pia ndipo ninapoona hasara ya Datsun. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyopita katika matope na vumbi la Afrika Mashariki, yalishindwa na Datsun mwaka 1970, 1971 na 1973. Kisha Shekhar Mehta wa Kenya, aliyekwisha kushinda mwaka huo wa 1973, akashinda mara nne mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Hii haikuwa sifa ya kununuliwa kwa matangazo. Mkulima aliyetaka gari dogo la kupeleka kahawa mnadani alijua kwamba Datsun hupita, kwa kuwa alisimama kando ya njia akaliona likipita. Katikati ya ushindi ule, mwaka 1981, wakuu wa Nissan walitangaza kwamba jina Datsun litaondolewa, ili magari yao yote ulimwenguni yaitwe kwa jina la kampuni. Ulikuwa mpango wa meza ya wakubwa. Sifa iliyokusanywa njiani ikafungiwa sandukuni kwa muda wa miaka thelathini.

Halafu ikafunguliwa. Mwaka 2013 Nissan walilifufua jina kwa ajili ya magari rahisi ya kuuzwa India, Indonesia, Urusi na Afrika Kusini. Mwaka 2014 shirika la Global NCAP, ambalo hugongesha magari makusudi ili kupima usalama, lililijaribu gari la Datsun Go lililouzwa India. Kwa ulinzi wa watu wazima waliomo halikupata hata nyota moja, na shirika likataka liondolewe sokoni. Jina lililokuwa na maana ya gari lisilovunjika lilikuwa sasa juu ya gari ambalo mwili wake haukuhimili kugongwa. Mwaka 2022 Datsun likaondolewa tena. Awezaye kuniambia kwamba jina ni bati tu anieleze kwa nini basi lilitolewa sandukuni. Lilitolewa kwa sababu lilikuwa na dhamana ndani yake, na dhamana hiyo walioiweka walikuwa watu wengine.

Nimefika kwa watu wa hesabu. Hoja yao kubwa siku hizi ni Mustang Mach-E. Ford, waliokwisha kutangaza mwaka 2018 kwamba Marekani wataacha karibu magari madogo yote isipokuwa Mustang, walionyesha mwaka 2019 gari la umeme la milango minne, refu la kimo, la kubebea watoto na mizigo, wakaliita kwa jina la farasi wao wa mbio. Wapenzi walilia. Watu wa hesabu wakangoja, na mwaka 2024 wakaleta karatasi: Marekani ziliuzwa Mach-E zaidi ya 51,000, na Mustang ya petroli 44,000 hivi. Je, mnasemaje sasa?

Nasema kwamba karatasi hiyo hujibu swali ambalo sikuuliza. Sikatai kwamba Mach-E ni gari jema, walioliendesha hulisifu. Nauliza kama ni kweli liitwavyo. Shahidi akisema uongo mahakamani na mdai akashinda, ushindi haugeuzi ushahidi kuwa kweli. Jina la gari ni ushahidi anaopewa mnunuzi ambaye hawezi kufungua injini, wala kupima chuma, wala kulijaribu miaka kumi kabla ya kutoa fedha. Kulihamisha kwenye kitu cha namna nyingine, kwa kuwa tu jina hilo linapendwa, ni kuliazima neno la watu bila ruhusa yao.

Nitaambiwa kwamba kila jina huhama. Corolla la 1966 na Corolla la leo havina hata msumari mmoja wa shirika. Hata magurudumu yanayosukuma yalihamishwa kutoka nyuma kwenda mbele miaka ya themanini, na hapana aliyelia. Hoja hii ni nzuri kuliko zote, nami sitaikwepa. Corolla limebadilika mwili, ahadi yake haikubadilika: gari la kiasi, la mtu wa kiasi, litakalowaka asubuhi. Zaidi ya milioni hamsini zimeuzwa kwa ahadi hiyo. Aliyenunua la tatu alikuwa amefundishwa na la kwanza na la pili, na fundisho lilikuwa sahihi. Mpaka wa haki, kwa maoni yangu, uko hapo: je, aliyoyajifunza mtu kwa gari la jana yatamfaa au yatamdanganya kwa gari la leo?

Kwa wapenzi wenyewe sina huruma nyingi pia. Wengi wa wanaolilia majina ya zamani hawajanunua gari jipya tangu walipoanza kulia. Hununua lililotumika, wakaliweka uani, wakaliosha siku ya mapumziko. Kiwanda hakili machozi. Wangetaka kusikilizwa, wangeacha kusema kwamba jina litaleta mauzo, jambo ambalo Taurus limelikanusha, wakasema tu kwamba wanadanganywa. Hilo ni shtaka zito zaidi, na huweza kuthibitishwa.

Na wenye viwanda, wanapopata kitu kipya, sijui wanaogopa nini kukipa jina jipya. Mustang lenyewe, lilipotolewa Aprili 1964, halikuwa na historia ya hata siku moja barabarani, na katika mwaka wake wa kwanza yaliuzwa magari zaidi ya 400,000. Ujerumani halikuweza hata kutumia jina lake, kwa kuwa kiwanda cha Krupp kilikuwa na malori yaitwayo hivyo. Huko likaitwa T-5, herufi moja na tarakimu moja, mpaka mwaka 1979, nalo likapata wanunuzi.