Mama Hulishwa Kabla ya Yai



Sura ya 16 ya Qur'ani Tukufu imeitwa An-Nahl, yaani Nyuki, na katika aya ya 68 na ya 69 twaitwa tumzingatie mdudu huyu. Asali yake twaijua sote, kuanzia Likoni na Changamwe hadi Kisauni. Leo, msomaji mpenzi, tumtazame mama wa mzinga.

Tumboni mwa malkia wa nyuki mna ovari mbili, na kila moja ina mirija myembamba zaidi ya 100. Kwenye ncha ya mrija, seli moja hugawanyika mara kadhaa, na seli zizaliwazo hubaki zimeunganishwa kwa vijia vidogo. Miongoni mwao, moja pekee ndiyo huwa yai. Zilizosalia, zaidi ya 40, huwa walishi wake: huipitishia chakula katika vijia vile, mwisho huimiminia vyote vilivyomo ndani yao, kisha hufa. Kiini nacho hutokana na chakula kilichotengenezwa katika mafuta ya mwili wa malkia na kusafirishwa katika damu yake.

Kwa njia hii malkia huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Wala hajitafutii chakula. Binti zake, nyuki vibarua, ndio wamlishao. Maua yakiadimika wakampunguzia, mayai nayo hupungua.

Sisi watu wa Pwani twajua kumtunza mzazi. Katika siku 40 hupikiwa supu na uji wa pilipili manga, asiguse kazi. Hiyo ni ada njema. Lakini miezi tisa kabla ya hapo, mara ngapi mja mzito huwapakulia wote, kisha yeye akala ukoko na mchuzi uliobaki? Damu yake ndiyo imjengayo mtoto, na mtoto haungoji mkesha wa kuzaliwa ndipo ajengwe.

Basi enyi waume, mawifi na mama wakwe, mpakulieni kwanza: samaki, kunde, mchicha na dengu. Mkumbusheni kliniki, na vidonge vya kuongeza damu apewavyo huko asiviache kabatini.

Allah awape mama zetu afya na uzao mwema. Amin.