Simu ya ndani ya gari: kabla ya kulipa, uliza ni ya mtandao gani

Wafanyabiashara wa mipakani wanaijua vizuri redio ya gari la Kijapani. Gari ni zuri, injini haina kelele, lakini ukifungua redio unasikia mvumo tu. Sababu ni kwamba redio hizo zilitengenezwa kwa masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Radio Rwanda hapa Kigali iko 100.7. Hakuna fundi mwenye akili, awe Kampala au Dar es Salaam, atakayekwambia redio hiyo ni mbovu. Atakwambia ni ya Kijapani, atakufungia kifaa cha kuteremsha masafa, na mambo yamekwisha.

Simu iliyojengewa ndani ya gari inastahili kuelezwa kwa ukweli huohuo, lakini haielezwi. Inauzwa kama pambo, inalipiwa kama simu, na ikikataa kusema inatengenezwa kama gari. Hapo ndipo watu wanapoliwa fedha zao.

Hapa Kacyiru magari ya michezo si mengi, lakini yapo. Utayaona siku za Jumapili yakipanda kutoka Kinamba kwa ngurumo, au yameegeshwa karibu na hoteli ya Umubano. Kwa kuwa sisi usukani wetu uko kushoto, mengi yametoka Ulaya kupitia bandari ya Antwerp, au Dubai, na machache yameanzia Marekani kabla ya kufika Ghuba. Mengi ni ya miaka ya 1990 na 2000, enzi ambayo tajiri wa Ulaya hakuridhika kuweka simu mfukoni. Alitaka iwe kwenye dashibodi, yenye vitufe vyake, maikrofoni karibu na usukani, spika za redio zikitoa sauti ya anayepiga.

Jirani yangu mmoja, mtu wa biashara ya Goma na Kigali, alinunua gari la namna hiyo, milango miwili, rangi ya fedha. Dalali alimwongezea bei akisema, "Mzee, hili lina simu yake ndani, hutahitaji nyingine." Gari lilipofika, simu ikawa kimya. Gereji ya kwanza ilisema ni fyuzi. Ya pili ilisema ni antena, ikauza antena. Ya tatu ikafungua kiti, ikatoa kisanduku cha simu "kwenda kukipima", na jioni yake redio nayo ikanyamaza, pamoja na kichezesha CD na ramani. Ndipo aliponiita: "Mwalimu, wewe si unafundisha fizikia? Njoo uone, hawa vijana wanazidi kuniua."

Wale vijana hawakuwa wezi wote. Tatizo lao ni kwamba walianza na spana kabla ya kuanza na swali. Swali la kwanza si "imekufa wapi?" Swali la kwanza ni "ilizaliwa kwa mtandao gani?"

Simu ya gari si jambo geni kwetu kama vijana wanavyodhani. Ya kwanza ya kibiashara ilianza huko Saint Louis, Marekani, mwezi Juni 1946. Waliokuwa Zaire wanaikumbuka Telecel ya miaka ya 80, iliyoanzishwa na Mnyarwanda mwenzetu Miko Rwayitare, aliyefariki mwaka 2007. Simu za waya za serikali zilikuwa zimekufa, na mwenye Telecel alikuwa mtu mkubwa kweli. Kenya ilipata simu za aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 90, na bei ya kifaa kimoja ilifika shilingi 250,000 za Kenya, fedha ambazo mwalimu wa enzi hiyo asingezishika hata kwa miaka. Hizo zote zilikuwa za analojia. Rwanda tulichelewa, na kuchelewa huko kukatufaa: Rwandacell ilipoanza mwaka 1998, ilianza moja kwa moja na mtandao wa dijitali wa GSM.

Sasa msomaji aone maana yake. Simu ya analojia iliyofungwa kwenye gari haiwezi kuongea Kigali, haijapata kuongea Kigali, na hakuna fundi wa kuifanya iongee. Mtandao wa analojia wa Ujerumani ulizimwa mwishoni mwa mwaka 2000. Marekani, kampuni za simu ziliruhusiwa kuzima analojia kuanzia tarehe 18 Februari 2008, na magari mengi ya kifahari yakabaki na simu bubu siku hiyohiyo, yakiwa bado yanang'aa. Japani nayo, simu zake za dijitali za mfumo wa PDC, mfumo ambao haukutumika nje ya nchi hiyo, zilizimwa Machi 2012. Gari lenye simu ya PDC ni kama redio ile ya 76 hadi 90, isipokuwa hii haina kifaa cha kuiokoa.

Hata GSM si moja. Huku kwetu na Ulaya masafa ni 900 na 1800. Marekani walitumia 850 na 1900. Simu ya gari iliyotengenezwa kwa 1900 peke yake ikifika hapa ni kiziwi, ingawa kadi inaingia na kioo kinawaka. Kwa hiyo mtu anayenunua gari Dubai na aulize lilianzia wapi. Gari la kwanza kuuzwa Ulaya lina matumaini. La kwanza kuuzwa Marekani, simu yake uihesabu kuwa sifuri.

La jirani yangu lilikuwa la Ulaya, kwa hiyo masafa yalikuwa sawa. Tukaja kwenye laini. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama bila kujua. Simu za magari za mwanzo zilitumia kadi nzima, ukubwa wa kadi ya benki. Zilizofuata zilitumia kadi ya milimita 25 kwa 15. Siku hizi laini inatoka dukani ikiwa imekatwa hadi milimita 12 na kidogo, na ukiiingiza bila fremu yake inapotelea ndani ya dashibodi, kisha dashibodi yote ifunguliwe kwa ajili ya kipande cha ukubwa wa ukucha. Si ukubwa tu. Simu za zamani zaidi zililisha kadi umeme wa volti 5, na kadi za leo zimetengenezwa kwa volti 3 au 1.8. Simu inaiona kadi, haiielewi, inaandika kwamba hakuna kadi. Mafundi wanasema soketi imekufa. Soketi ni nzima. Aliyeketi juu yake ndiye mgeni.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Tafuta laini ya zamani, iliyotolewa miaka mingi iliyopita, iliyosajiliwa na bado hai. Ondoa namba ya siri ya laini kwa kutumia simu ya kawaida, maana baadhi ya simu za magari hukwama zikisubiri namba hiyo. Ijaribu kwanza kwenye simu ndogo ya vitufe, ile ya kizazi cha pili, maana mtandao huo ndio pekee simu hizi za gari zinaoujua. Ikipiga kule na isipige ndani ya gari, sasa una haki ya kumwita fundi. Kabla ya hapo unamlipa mtu akutafutie kitu ambacho hakijapotea.

Antena pia itazamwe, lakini kwa macho kwanza. Magari mengine yana pezi la samaki juu ya paa, mengine yana antena iliyobandikwa kwenye kioo cha nyuma. Wanunuzi wetu wanapenda kuweka giza kwenye vioo, na karatasi nyingine za giza zina chembe za madini ndani yake. Umebandika ukuta mbele ya antena yako mwenyewe kisha unalaumu mnara.

Na ile redio iliyokufa pamoja na simu? Katika magari mengi ya Ulaya ya kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000, kwa mfano yale ya Porsche yenye mfumo wa PCM wa pili, redio, simu, kikuza sauti na CD havikuunganishwa kwa nyaya za shaba peke yake. Vimeunganishwa kwa uzi unaopitisha mwanga, katika duara. Kila kisanduku kinapokea mwanga kutoka kwa jirani na kuupeleka kwa mwingine, mpaka unaporudi ulikoanzia. Ukitoa kisanduku kimoja, duara limekatika na wote wananyamaza. Fundi asiyejua atauza redio mpya. Anayejua ataweka kipande kidogo cha plastiki kinachounganisha ncha mbili za uzi mahali simu ilipokuwa, ataujulisha mfumo kwamba simu haipo tena, na muziki unarudi. Ubovu wa simu katika duara hilo unaweza pia kuzuia mfumo usilale gari likizimwa, na asubuhi betri ni tupu. Wapo walionunua betri mbili na alternata kwa sababu ya simu wasiyoitumia.

Tulipokirudisha kile kisanduku mahali pake redio ilifufuka, na kwa laini ya zamani ya shemeji yake simu ilishika mnara. Alipiga nyumbani, akasikika. Alifurahi sana. Mimi nilikasirika, kwa sababu fedha za gereji tatu zilikuwa zimekwenda na hakuna aliyeandika risiti inayoeleza alichotengeneza.

Kwa wenzangu wa mpakani kuna jambo jingine. Sifa ya simu ya gari ilikuwa nguvu zake. Simu ya mkononi ya GSM katika masafa ya 900 inatoa wati 2. Baadhi ya simu za gari za mwanzo ziliruhusiwa wati 8, na antena iko nje juu ya paa. Kijijini lilikuwa jambo la heri. Lakini pale Rubavu, karibu na Petite Barrière, heri hiyo inageuka. Simu yenye sikio refu inasikia minara ya Goma vizuri kama ya Gisenyi, na ikichagua yenyewe inaweza kuhamia Kongo ukiwa bado umeegesha upande wa Rwanda. Rusizi na Bukavu ni vilevile. Nchi za Rwanda, Kenya, Uganda na Sudan Kusini zilikubaliana mwaka 2014 kupunguza gharama za kupigiana kwa kuwa eneo moja la mtandao, na wafanyabiashara wa Gatuna walipumua. Kongo haikuwamo katika mapatano hayo. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya simu ya gari, uchague mtandao wako kwa mkono, uiache hapo. Usipofanya hivyo, salio litakwisha kabla ya mteja kumaliza kukwambia bei ya maharage.

Naomba nieleweke: sipingi simu ya gari. Anayeendesha akiwa ameshika simu ya mkononi barabara ya Kacyiru ni hatari kwake na kwa wanafunzi wangu wanaovuka, na polisi wana haki ya kumsimamisha. Ninachopinga ni mtu kulipishwa kwa kitu ambacho muuzaji anajua, au angeweza kujua kwa swali moja, kwamba hakitafanya kazi hapa. Tuna sheria ya mwaka 2012 ya ushindani na ulinzi wa mlaji. Muuzaji anayetangaza "simu ndani" aandike kwenye hati ya mauzo kama inafanya kazi Rwanda au haifanyi. Mnunuzi asitie saini mpaka aione ikipiga, kwa laini yake, mbele yake. Na vyuo vya ufundi, kama kile cha Kicukiro, viwape vijana wa magari somo la mitandao na la ule uzi wa mwanga sawasawa na la breki na gia. Kijana aliyejifunzia kazi Gatsata kwa macho ana mikono mizuri kuliko yangu, ila hakuna aliyemwambia kwamba mtandao nao hufa.

Jambo hili litazidi kuwa zito. Magari ya Ulaya ya aina mpya zilizoidhinishwa tangu tarehe 31 Machi 2018 yanatakiwa kuwa na kitufe cha SOS juu ya dereva. Hakiombi laini yako, kina yake ndani. Gari likigongwa linapiga lenyewe namba 112 na kueleza liko wapi. Magari hayo sasa yanaingia sokoni kwetu kama mitumba, na nimemsikia mama mmoja akimsifia mwenzake kwamba gari lake "linaita ambulensi lenyewe". Kitufe hicho kiliwekwa kwa ajili ya minara na vituo vya Ulaya, na huko kwenyewe mengi ya kizazi cha kwanza yanategemea mitandao ya zamani ambayo nchi kadhaa zimeanza kuizima. Usikitegemee kwenye kona za barabara ya Musanze usiku. Andika kwenye karatasi, ubandike chini yake ambapo abiria anaweza kusoma: polisi 112, ajali za barabarani 113, ambulensi 912. Na simu ya kupigia iwe mfukoni, imejaa chaji.