Tahariri: Mtoto wa Halmashauri



Mama anapofariki na kuacha mtoto mchanga, kwa desturi zetu za Wamakua, Wayao na Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Bibi humpokea, na mjomba ndiye huulizwa. Lakini bibi akiwa hana nguvu na mjomba hana kitu, husikika kauli hii: halmashauri na ijenge nyumba ya kuwalea.

Waingereza walizijenga. Januari 1945 Dennis O'Neill, mtoto wa miaka 12 aliyekabidhiwa na halmashauri ya mji wa Newport kwa familia ya mkulima, alikufa kwa kipigo na njaa mikononi mwa walezi hao. Uchunguzi ulionyesha kwamba usimamizi ulikuwa hafifu. Sheria ya 1948 ikaitaka kila halmashauri kuu iwe na kamati na afisa wa watoto, na halmashauri nyingi ziliendesha nyumba za kulelea watoto wa chini ya miaka mitano. Zilikuwa na vitanda safi, maziwa kwa wakati na walezi waliosomea kazi hiyo. Nani angelalamika?

Mwaka 1969 James na Joyce Robertson walitoa filamu ya John, mtoto wa miezi 17, aliyekaa siku 9 katika nyumba ya namna hiyo wakati mama yake alipokwenda kujifungua. Hakuna aliyempiga. Ila walezi walipokezana zamu, na kila aliyemkimbilia aliondoka. Akalia, akakataa chakula; mama yake alipokuja kumchukua, mtoto alimkataa. Siku tisa tu! Katika miaka ya 1970 na 1980 nyingi za nyumba hizo zilifungwa, na watoto wakapelekwa kwa familia.

Hata hivyo Dennis alifia katika familia. Kumwachia bibi mtoto na kumpa pole hakutoshi.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, kifungu cha 94, inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake. Wajibu huo haungoji matofali. Maziwa ya miezi ya kwanza na nauli ya kwenda kliniki vyaweza kumfikia bibi nyumbani kwake. Basi katika mkutano mkuu wa kijiji ujao mwulizeni diwani mambo mawili: fedha za kazi hiyo zimepangwa kiasi gani, na afisa ustawi wa jamii atafika lini, nyumba kwa nyumba, awaone watoto hao kwa macho yake.